Mafuta ya Dua Siku ya Kupimwa Kichwa

Ndugu yangu mkubwa si mwendawazimu. Naanza hapo, na anayebisha aje tubishane uso kwa uso.

Yeye ni dalali wa mbuzi soko ya Garissa. Huku bei hatuitangazi. Mnashikana mikono chini ya shuka, vidole vinaongea. Sasa ndugu yangu anashika mkono wa mnunuzi, halafu akili inaondoka, anaangalia punda inapita, anaachilia. Soko yote inacheka. Baba mkwe wake akachoka na hiyo aibu. "Binti yangu haishi na wazimu. Apimwe, ama namchukua."

Mimi nilikuwa nimesoma kwa simu, nikajua mtu mzima anaweza kukosa umakini bila kuwa na wazimu, na kuna mashine inapima mawimbi ya ubongo. Nikatafuta kliniki iliyo nayo. Daktari alituambia kitu moja tu: aoshe nywele, asipake mafuta, kwa sababu nyaya hazishiki.

Nikamwosha mwenyewe, na sabuni ya nguo.

Mlangoni kwa kliniki baba mkwe alikuwa anatungoja na chupa. Mafuta ya simsim, sheikh ameisomea dua. "Inama, kijana."

"Adeer, daktari amekataza!" nikapiga kelele.

"Wewe unakataza Qurani?"

Ndugu yangu akainama. Nani anamkatalia baba mkwe, tena na dua? Mafuta ikashuka mpaka shingoni.

Nyaya ziliteleza. Kwa kioo ya mashine mistari ilikuwa inaruka ovyo. Daktari akasema, "Hapa hakuna kitu naweza kusoma."

Mzee akacheka mpaka akashika ukuta. "Umesikia? Kichwa tupu. Hata mashine imekosa kitu."

Jioni alichukua binti yake, akampeleka kwao Griftu.

Tulirudi kupimwa bila mzee. Mistari ikatoka safi. Daktari akauliza pia mambo ya utoto, shule, kazi, akaniuliza hata mimi, eti mashine peke yake haitoshi. Akasema si wazimu, ni kukosa umakini, na dawa iko.

Nikampigia mzee mbio mbio. Akasikiliza yote.

"Kwa hivyo anameza dawa ya kichwa," akasema. "Umesema mwenyewe." Akakata.

"Amesema nini?" ndugu yangu akauliza.

"Mtandao, walaal. Imekatika."

"Piga tena."

Wallahi, huyu anasahau chai ikiwa mkononi mwake. Lakini kila asubuhi, kabla hajavaa viatu, ananiambia, "Piga tena."