Sahani ya Kuvu Chini ya Kitanda

Miaka michache kabla ya uhuru nilikuwa msaidizi wa wakunga katika hospitali ya kambi moja ya wachimba shaba, Kolwezi. Rafiki yangu mkubwa pale tulisomea kazi benchi moja, na mtoto wake wa kwanza nilimpokea kwa mikono hii.

Siku moja daktari, Mbelgiji, alitueleza penisilini inatoka wapi. Kuvu fulani ya kijani, jamaa ya ile inayoota juu ya mkate, hutoa maji yanayoua vijidudu vinavyogombania nayo chakula. Wenzangu walicheka. Mimi neno lile halikunitoka. Nikamimina uji uliopoa kwenye sahani, nikaweka katikati kipande cha mkate wenye kuvu, nikaificha chini ya kitanda. Baada ya juma, utelezi mweupe ulikuwa umetanda sahani nzima, isipokuwa kando ya kuvu. Pale palibaki duara safi.

Nilimwita rafiki yangu peke yake aje aone.

“Usiambie mutu,” nilimwomba.

“Mi niambie nani, dada?”

Mwezi haukuisha, mtoto mchanga mmoja akavimba kitovu, mwili ukawaka homa. Rafiki yangu ndiye aliyemkata kitovu, na alikuwa ameninong’oneza kwamba mkasi hakuuchemsha. Wanawake wa kujifungua walikuwa wengi asubuhi ile, hakupata nafasi. Mtawa aliyetusimamia alipotuita kutuuliza, rafiki yangu ndiye aliyetangulia kusema.

“Huyu anafuga uozo kwa nyumba yake. Labda alimupaka mutoto.”

Walikuja nyumbani, wakaikuta sahani. Nilijaribu kueleza lile duara, mtawa akaziba pua. Ningeweza kuutaja mkasi. Nilimtazama rafiki yangu, nikingoja autaje mwenyewe. Akainamisha macho.

Mtoto alidungwa penisilini, akapona. Mimi nilipelekwa kufua mashuka ya hospitali, na huko ndiko nilikobaki hadi nilipoacha kazi. Wakunga wengine wakipita walinisalimia kwa mbali, kana kwamba nina upele.

Siku moja rafiki yangu alinifuata kwenye kamba za kuanikia.

“Dada, mi niliogopa. Niko na batoto.”

“Hata mi niko na batoto.”

Alishika ncha ya shuka ili anisaidie kulikamua. Nikalivuta kutoka mikononi mwake, nikalikamua peke yangu.