Mafuta ya Kondoo kwenye Baiskeli ya Kaboni

Baba yangu anaamini hakuna ugonjwa usiosikia mafuta ya kondoo. Mama aliyejifungua, mtoto mwenye kikohozi, mlango unaolia: dawa yao ni moja. Kwa hiyo alipoisikia baiskeli yangu ikilia kri-kri kila nilipokanyaga pedeli, hakuniuliza neno.

Alikuwa amekuja kwangu Kimandolu kutibiwa macho, akitokea kwetu magharibi ya Mlima Meru, anakoishi peke yake tangu mama afariki. Macho yalipopona akaanza habari za kurudi. Mimi nilitaka abaki. Kumwambia sikuthubutu, maana baba akiombwa kukaa huona anahurumiwa, na akihurumiwa hupanda gari siku hiyohiyo.

Ila aliipa baiskeli muda. "Kwetu mtu haachi boma lenye mgonjwa," alisema. "Hii ikipona, naenda."

Jumamosi nikatoka na wenzangu wa kikundi kwenda Makumira, na ajabu, baiskeli ilikuwa kimya. Kabla hatujafika Tengeru nikaona wenzangu wote wamerefuka. Kumbe ni mimi niliyekuwa nazama! Baba alikuwa amechomoa bomba la siti, akalipaka mafuta ya kondoo bila ubahili, akalirudisha, na siti ikawa inashuka kila tulipovuka tuta. Nilifika Makumira magoti yakitafuta kidevu. Wenzangu walicheka mpaka mmoja akakaa chini, na mimi nilinukia nyama choma kutwa nzima.

"Imenyamaza?" baba aliuliza niliporudi.

"Imenyamaza, baba. Ila siti inateleza."

Nikamweleza kwamba baiskeli hii ni ya kaboni, na kaboni si chuma. Ukiipaka mafuta inateleza, na ukiikaza kwa nguvu ili isiteleze, inapasuka. Nikafuta yale mafuta kwa spiriti, nikapaka grisi yake maalumu, yenye chembechembe, na nilipokuwa nakaza skrubu nyingine zote nikamwonyesha spana zinavyozungushwa. Alichota grisi kidogo akaisugua vidoleni.

"Hii ina mchanga."

"Ndiyo, ili ishike."

"Mafuta yenye mchanga!" Alicheka hadi akajifuta machozi. "Wazungu wamechoka."

Jumapili baada ya ibada nikaijaribu kwenye kilima. Haikutoa hata mlio. Nilipaswa kufurahi, lakini nilipanda kilima kile kwa huzuni, nikitamani isikike kri moja tu. Baba alikuwa amesimama getini akinisubiri, kichwa kimeinama upande kusikiliza.

"Imepona," akasema.

"Imepona, baba."

Akaingia ndani kukunja mashuka yake. Angeondoka kesho, tukishakunywa chai.

Asubuhi nikaenda na baiskeli kununua mkate. Kwenye tuta la kwanza tu: kri-kri-kri. Nikashuka kwa hasira. Siti ilikuwa imara. Nikagusa kila kitu hadi nikafika kwenye kishikio cha chupa ya maji, na kile kilikuwa kinacheza. Skrubu yake ilikuwa imelegezwa. Nilikuwa nimeikaza kwa mkono wangu mwenyewe, na nyumbani tunaishi wawili tu.

Nilisimama pale barabarani, mkate nimeusahau, nikacheka, halafu machozi yakanitoka. Mzee mzima, hawezi kusema anataka kukaa.

Nilimkuta kibarazani, mfuko wake miguuni, akiutazama mlima kama mtu asiyesikia kitu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, yeyo," aliitikia, akiniita mama kwa lugha yetu. "Nasikia imerudi tena."

"Imerudi."

"Nilijua," alisema. "Ugonjwa wa namna hii hauishi haraka." Na kabla sijajibu alikuwa ameshauinua mfuko na kuurudisha chumbani.

Wenzangu wa kikundi wananilalamikia kelele kila Jumamosi, na mmoja amejitolea kunitengenezea bure. Nimemkataza asiguse skrubu yoyote.