Siki ya Jidda, Siki ya Riyadh

Mimi ni mtu wa Mombasa, na kwetu siki ni siki, ile ya chupani unayomwagia kachumbari. Kwa hiyo madam, niliyemlelea bintiye, aliponiambia jioni moja, nikiwa bado mgeni Jidda, "Bukra siki. Jahizi shanta, yalla," sikuona la kuuliza. Bukra ni kesho, shanta ni mkoba, kujahizi ni kutayarisha. Hayo nilikuwa nimeshayashika. Mama yake madam alikuwa hodari wa achari za figili na matango, nikajua tunakwenda kumsaidia kujaza mitungi. Nikanunua chupa mbili kubwa kwenye duka la chini ya nyumba, nikatia na ndimu na pilipili mbichi, nikafunga mkoba. Nililala nikijisifu kwamba Kiarabu sasa kimeniingia.

Kesho yake hatukwenda kwa mama. Tulikwenda kwenye jengo la maduka la zamani, si mbali na mtaa wa Bani Malik, tukapita wauza manukato na wauza viatu, tukafika mwisho kabisa penye mlango mnene kama wa chumba cha kuhifadhia nyama. Nyuma ya mlango ule palikuwa na ukumbi wa baridi, na ndani ya ukumbi, kilima cha theluji iliyotengenezwa kwa mashine. Kumbe siki ya madam ndiyo hiyo: kuteleza kwenye theluji na mbao mbili ndefu miguuni. Neno ni la Kizungu, ski, lakini ulimi wa madam haukukubali konsonanti mbili zifuatane, akatia irabu yake katikati, mimi ikanifikia siki tupu.

Mkoba ulitakiwa uwe na glavu, soksi nene na koti la bintiye, mtoto mdogo ambaye hata shule hajaanza. Aliyeufungua pale mlangoni alikuwa mwenye ukumbi mwenyewe, mzee wa Kijidda aliyevaa jaketi la manyoya juu ya kanzu. Alitoa chupa ya kwanza, akaitazama. Akatoa ya pili. Kisha ndimu.

"Hii nini, yaa binti?"

"Siki. Madam kasema siki."

Akafungua kifuniko, akanusa. "Hii khal!"

"Kwetu hiyo khal ndiyo siki," nikamwambia.

Mzee alicheka mpaka akatafuta benchi akakaa. Madam alishika ukuta. Mimi sikucheka. Nilikuwa na viatu vya wazi, natetemeka, na hasira zimenijaa, maana aliyeharibu neno ni yeye na anayechekwa ni mimi. Tangu siku hiyo jina langu pale likawa Mama Siki, na mzaha ule ukahamia mpaka nyumbani. Kila mgeni wa madam alipewa kahawa, tende, na kisa cha chupa zangu.

Yule mzee sisi wafanyakazi tulimwita ami. Alikuwa na sheria moja ambayo hakuiandika popote: mtoto haingii kwenye theluji bila mlezi wake, na mlezi hakatiwi tiketi. Mabwana wengine walimshangaa. Yeye aliwajibu, "Tangu lini mtu akakatia mkono wake tiketi?" Kisha akatuazima viatu vile vizito, makoti yaliyochakaa, na mbao, kwa sababu hakutaka mtu asimame juu ya theluji yake na kandambili. Ndivyo sisi mayaya wa Jidda tulivyojikuta tunateleza. Tulikuwa Wakenya, Wahabeshi, Wafilipino, kila mmoja na mtoto wa watu mkononi.

Rafiki yangu pale alikuwa Mkenya mwenzangu, mtu wa Nyandarua, Mkristo, mcheshi kupindukia. Siku ya kwanza alipoingia alivuta pumzi, akasimama.

"Wee, hii baridi si ni ya kwetu Njabini! Hii ndio huchoma viazi usiku. Na hawa watu wanailipia?"

Akakibatiza kile kilima Njabini, na jina likashika mpaka kwa Wafilipino. Kilikuwa kilima kifupi. Ukipiga chafya kileleni, chini wanakuombea rehema. Lakini mimi nilianguka pale maanguko ya kila aina, ya ubavu, ya makalio, na moja la kifudifudi lililonijaza theluji mdomoni. Ami alikaa kwenye kiti chake cha plastiki na kupaza sauti, "Rukba, yaa Mama Siki, rukba!" Rukba ni goti. Kwa ami dawa ya hofu zote ilikuwa kukunja magoti. Ukiogopa, wima unakuangusha. Inama kidogo, utafika.

Alasiri moja nikafika. Nilimshika mtoto mkono, tukajiachia, na sikuanguka. Kilima kikapita chini yangu, masikio yakauma kwa baridi, na mtoto akapiga kelele kwa Kiswahili nilichomfunza mimi, "Tena! Tena!" Nilifurahi, sina neno jingine. Nyumbani mwili wangu ulikuwa wa kuitwa: leta, ondoa, njoo. Pale ulikuwa wangu, unakwenda unakotaka, na kando yake mtoto ambaye nilimpenda kama aliyetoka tumboni mwangu. Mpaka leo nikisikia harufu ya soksi mbichi, naipenda.

Kisha kampuni moja kubwa ya Riyadh ikaanza kununua kumbi za theluji. Ilimeza wa ufukweni, ikameza wa Dammam, ikameza zile ndogo za kwao Riyadh, halafu ikamgeukia ami. Yeye alishikilia kwa muda. Lakini kugandisha theluji Jidda, mji ambao hata maji ya bomba hutoka ya moto, ni kazi ya kumfilisi mtu, na kampuni ilikuwa ikimnyang'anya wateja wake kwa kadi moja ya mwaka inayofungua milango yote. Hata baba, bwana wa nyumba yetu, aliinunua. Ami akauza.

Walimwacha abaki kama msimamizi. Wakamvisha fulana ya rangi ya kampuni, wakambandika jina lake kifuani, katika nyumba aliyoijenga mwenyewe. Njabini ikapewa jina jipya refu ambalo hakuna mtoto aliyeweza kulitamka. Na sheria ikaja: asiye na kadi hakanyagi theluji, na kadi ni za familia. Mlezi ni mtazamaji. Wakatuwekea mabenchi nje ya kioo.

Ami alikuja akakaa nami kwenye benchi siku hiyo. "Mama Siki, mkono umekatiwa tiketi," akasema. Nikamwambia si kosa lake. Lakini moyoni nilimlaumu, na kidogo namlaumu bado.

Si sisi tu tulioumia. Zile familia za Balad, mji mkongwe, zenye watoto wengi, zilizokuja na chupa za chai na bibi zao, ziliacha kuja, kwani kadi ya kila mtoto ni mzigo. Alasiri zikageuzwa za masomo ya faragha. Halafu kampuni ikaona haina haja ya kumbi mbili katika mji mmoja, ikaufunga wa kwetu, ikasema wenye kadi waende ufukweni, mwendo wa foleni mpaka unatapika. Mashine na mbao zikapakiwa kwenye malori. Dereva wetu alisikia zimelala katika ghala moja huko Al-Sulay, Riyadh. Baba alisema kadi yake inafungua milango yote isipokuwa ule wa karibu na nyumba. Rafiki yangu wa Nyandarua alimaliza mkataba akarudi kwao, kwenye baridi ya bure.

Sisi tukahamia Riyadh, kazi ya baba ilihamia huko. Na huko ndiko uliko ukumbi mkubwa wa kampuni ile ile. Mlima wake una kona, una viti vinavyopandisha watu juu kwa waya, una mkahawa. Ni mzuri, sitausingizia. Binti alipata mwalimu, akapata mbao zake mwenyewe, akawa anashuka kwa kona kama mshono wa fundi mzuri. Mimi nilikaa nyuma ya kioo na mkoba magotini. Mwanzo kila akifika chini alinitafuta kwa macho na kunipungia. Baadaye alipunga akiwa ameshageuka. Baadaye akawa msichana, na wasichana hawapungii mayaya. Sikumkasirikia. Niliona wivu, basi, na hata sijui ulikuwa wivu wa mtoto au wa theluji.

Mwaka huu mkataba wangu ulikwisha nikasema narudi kwetu. Madam alilia. Aliniita mezani, binti naye yupo na simu yake, akaniuliza nataka zawadi gani. Dhahabu ilinipitia akilini, mimi si malaika. Lakini jibu nilikuwa nalo kwa muda mrefu.

"Madam, nataka siki."

Sikufafanua, nikidhani ameelewa: nilitaka mara moja tu, kwa tiketi ya mgeni ambayo ukumbi wa Riyadh huwauzia wenye kadi, mimi na binti, tushuke pamoja ule mlima. Madam alipiga makofi, akacheka mpaka machozi yaliyokuwa ya huzuni yakawa ya furaha. "Tayyib, Mama Siki! Siki utapata, wallahi!"

Nikamwamini. Nikatafuta soksi zangu nene za Jidda, nikazifua, nikazianika. Jikoni nilipokuwa peke yangu nilijaribu magoti, nikishika ukingo wa sinki. Kila asubuhi nilingoja aseme, "Yalla, leo." Alikuwa na mambo mengi, nikajiambia ataniambia tu, madam si mtu wa kuvunja kiapo.

Na hakuvunja. Asubuhi ya safari, sanduku likiwa mlangoni, alitoka chumbani ameficha kitu mgongoni. Baba alikuwa ameshaanza kutabasamu. Madam akanipa chupa kubwa ya siki, ya aina bora, imefungwa utepe mwekundu shingoni.

"Siki yako!"

Wakacheka wote wawili, madam akanikumbatia, na alinikumbatia kwa mapenzi, hilo najua. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Nilicheka nao. Ningefanya nini? Mzaha ulikuwa wangu, nilikuwa nimeulisha kwa mkono wangu miaka yote ile.

Binti hakucheka. Aliweka simu chini, akaja mpaka mlangoni, amenizidi kimo, akaniinamia ili wazazi wake wasisikie, ingawa Kiswahili hawakijui.

"Mama Siki," akasema, "wewe si ulitaka ile ya kuteleza?"

Dereva alikuwa ameshawasha gari. Nikaisogeza chupa mkono wa pili nipate wa kumshika.

"Halas, mwanangu," nikamwambia. "Hii inatosha."