Murdo Bannerman na Orodha ya Nyumba Kumi na Moja

Kwa miaka thelathini na minne Murdo Bannerman alipeleka barua za watu wa Port Lathan, kaskazini kabisa mwa Uskoti, na katika miaka yote hiyo kulikuwa na nyumba moja tu ambayo hakuwahi kubisha hodi. Barua za akina Polson alizisukuma kwenye tundu la mlango akaenda zake, hata mvua ikinyesha na mwenye nyumba akiwa dirishani anamtazama.

Sababu alipewa na baba yake angali mtoto. Akina Bannerman walikuwa watu wa Glen Arradal, bonde lililo maili saba kutoka baharini, mpaka mwaka 1819, mwenye ardhi alipotaka bonde lote liwe la kondoo. Watu wakatolewa, mapaa yakatiwa moto. Na aliyewaongoza askari nyumba kwa nyumba, baba alisema, alikuwa Polson.

"Wakikusalimu, itikia," alimwambia. "Kukaa nao, hapana."

Murdo alipostaafu, na mkewe Jessie akafariki mwaka uleule, habari za mababu ndizo zilizomtoa kitandani. Alinakili vitabu vya ubatizo vya kanisa, akakwangua ukungu kwenye mawe ya makaburi kwa brashi ya kuoshea vyombo. Alimpata babu wa babu yake, Alexander Bannerman, na mkewe Barbara Gunn, na watoto wao sita. Kila Agosti watu wa Port Lathan wakipanda kwenye magofu ya bonde kuwakumbuka waliofukuzwa, msemaji alikuwa Murdo. Alisema vizuri. Kina mama walitoa leso. Hughina Polson, mjane wa umri kama wake, alisimama nyuma kabisa, na Murdo akifika pale pa msaliti alimtazama yeye.

Mwaka huu wanakijiji wakaamua kuweka jiwe la kumbukumbu, na maneno yake wakamwachia Murdo. Alitaka majina kamili. Basi akapanda treni mpaka Inverness, kwenye nyumba ya kumbukumbu, ambako karatasi za zamani za mwenye ardhi zilikuwa zimefunguliwa kwa wasomaji.

Binti wa pale alimletea bahasha nene. Ndani mlikuwa na orodha ya nyumba kumi na moja za kubomolewa. Ya kwanza: mjane Polson na watoto wanne. Murdo alidhani amesoma vibaya, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Akashuka mpaka chini. Jina la Bannerman halikuwamo kati ya waliofukuzwa. Lilikuwa peke yake chini ya ukurasa, kwa mwandiko mzuri: *Imeandaliwa na kutekelezwa na Alexander Bannerman, mnyapara.*

Karatasi iliyofuata ilimpa huyo Alexander, mume wa Barbara Gunn, shamba la kando ya kijito huko Port Lathan, kwa utumishi wake mwema. Murdo alizaliwa kwenye shamba hilo. Ndiko alikokuwa akiishi.

"Umepata ulichokuwa unatafuta, Bwana Bannerman?" binti aliuliza.

"Nimepata," alisema, na sauti yake mwenyewe akaisikia kama ya mtu mwingine.

Alirudi akaenda moja kwa moja kwa dada yake Mina, mkubwa wake kwa miaka minane, aliyekaa nyumba ya pili. Alimkuta anakoroga supu ya shayiri. Akaweka nakala mezani. Mina aliitupia jicho, akazima jiko. Hakuuliza ni nini.

"Ulijua," Murdo alisema.

"Kaa kwanza."

"Sikai. Ulijua?"

"Baba aliniambia alipokuwa anakufa. Hati ya shamba alikuwa nayo, kaificha ndani ya mto wa kulalia. Akaniapisha nisikwambie."

"Nilikuuliza, dada! Nilisimama hapahapa nikakuuliza kama baba aliacha karatasi yoyote. Ukasema hakuna hata kipande."

"Ningekwambiaje? Jessie hana hata miezi miwili kaburini, wewe hata kula huli. Halafu unakuja unacheka, umempata Barbara, umempata fulani. Nikasema mwacheni mdogo wangu afurahi."

"Ukaniacha nisimame mbele za watu miaka saba nikimtukana mtu ambaye babu yangu ndiye aliyemchomea nyumba. Na wewe unanipigia makofi!"

Mina alifuta mikono kwenye aproni. "Hughina anajua," alisema kwa sauti ndogo. "Kwao wanajua wote, toka zamani."

Hilo ndilo lililommaliza.

Kesho yake asubuhi alibisha hodi kwa akina Polson. Hughina alifungua, akamwona alivyo, akasogea pembeni apite.

"Bi Hughina, kwa nini hukuninyamazisha?"

"Ungeniamini?"

Murdo alitikisa kichwa.

"Haya basi. Ningesema, kijiji kizima kingecheka: tazameni Polson anavyojitetea. Kila Agosti nakuja, nasema labda leo atakuwa amefika kwenye ukweli, maana unavyosoma wewe! Lakini ulikuwa unasoma vitabu vya kanisa tu. Na vile unavyonitolea macho, Murdo, wajukuu wangu walikuwa wanaona."

Aliomba radhi. Hughina alisema amesikia, akaishia hapo; hakusema amesamehe, na Murdo hakuthubutu kuuliza.

Agosti ilipofika alipanda bondeni na karatasi moja tu. Alisoma nyumba kumi na moja, jina kwa jina, kisha akasoma jina la mnyapara na kusema ni babu wa nani. Watu waliangalia viatu vyao. Mwenyekiti wa kamati alikohoa, akasema labda hilo la mwisho si lazima liingie kwenye jiwe. Murdo alisema likitoka hilo, wamtafute mwandishi mwingine. Liliingia.

Mina hakupanda siku ile. Macho yake yamepungua nguvu sasa, na kila baada ya wiki mbili Murdo humpeleka kliniki kwa gari, kwa kuwa hana mtu mwingine. Njiani huzungumza mvua, na bei ya kondoo. Safari moja Mina alishindwa kuvumilia.

"Utaninunia mpaka lini, mdogo wangu?"

"Baba alikuwa ameshakufa, Mina. Wewe ulikuwa unaniona kila siku."

"Nilikuhurumia."

"Najua," alisema, akapunguza mwendo kupisha lori kwenye daraja jembamba. "Ndiyo maana siwezi hata kukugombeza."

Walipofika akashuka, akazunguka, akamfungulia mlango, akamshika mkono mpaka mapokezi. Kisha akarudi kumngojea ndani ya gari.