Kikombe Kimoja cha Oili

Skuta yangu ilipoanza kuvuja oili, Kilwa Kivinje nzima ilihitimu ufundi. Sikuwa najua kwamba naishi na mabingwa wengi kiasi kile. Muuza mihogo ya kukaanga aliniambia ni sili, ule mpira wa kuzuia oili. Mwenye duka la vocha akasema ni gasketi, tena alisema kwa sauti ya chini, kama daktari anayewaandaa ndugu wa mgonjwa. Shemeji wa jirani yangu, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, aliinama akachungulia chini ya injini kwa muda mrefu, akainuka, akajipangusa magoti, akatamka kwamba skuta za siku hizi hazina maana. Nikamshukuru. Sijui tungeishije bila yeye.

Doa lenyewe lilikuwa kwenye sakafu ya baraza, mahali ninapoiegesha, na kila asubuhi nililikuta limenenepa. Mtu mwingine angelipiga deki akaendelea na maisha. Mimi nilikuwa nalipima kwa rula ya shule.

Nina sababu. Mimi ni mwalimu wa sayansi, na shule ninayofundisha iko ndani huko, barabara ya Njinjo. Nyumba za walimu zipo palepale shuleni na kila mwenye akili timamu anakaa huko. Mimi narudi Kivinje kila jioni, kwa vumbi au kwa tope, kwa sababu ya baba. Baba amevuka themanini. Enzi zake aliendesha lori la chama cha ushirika, akishusha korosho kutoka vijijini, na tangu mama afariki tunaishi wawili, mimi na yeye. Kaka yangu yuko Dar. Ana nyumba yenye feni kila chumba, na hizo feni amenitajia mara nyingi kuliko alivyowahi kunitajia watoto wake. Tulipatana hivi: maadamu naweza kulala nyumbani kila siku, baba anabaki Kivinje. Siku nikishindwa, kaka anakuja kumchukua. Baba hataki hata kusikia habari za Dar. Anasema huko mtu unaweza kukaa kibarazani mpaka adhuhuri asipite hata mmoja wa kukuambia shikamoo. Kwa hiyo skuta ikifa, baba anahama. Hapo hakuna la zaidi la kueleza.

Na baba aliipenda ile skuta, ingawa hakuwahi kuiita skuta. Aliiita gari. Kila alfajiri akitoka msikitini alichukua kitambaa chake, akaipangusa taa, akaipangusa kiti, akaikagua tairi kwa kuipiga teke la heshima, kisha akaja dirishani kuniambia, "Gari liko tayari." Wafanyakazi wengi wa nchi hii walioajiriwa kwa mkataba hawafanyi hivyo.

Nikaipeleka kwa fundi. Fundi wangu ana karakana ubavuni mwa gofu moja la Wajerumani, na ule ukuta ambao watalii huja kuupiga picha ameutundikia tairi na minyororo. Hakuinama. Hakuangalia. Alikaa kwenye ndoo yake akasema, "Washa." Nikawasha. "Zima." Nikazima. Akafumba macho.

"Injini imechoka, madam," akasema. "Hiyo ni ya kufungua."

"Hujaigusa hata."

"Madam, wewe mwanafunzi akifungua mdomo si unajua kama amesoma? Ndiyo hivyohivyo."

 Akasogeza ndoo karibu. Sasa, akasema, kama tunaifungua, kwa nini tuirudishe ilivyokuwa? Tuitanue silinda. Tuweke pistoni kubwa. Kabureta ya pikipiki anayo, ameihifadhi kwa mtu maalumu. Ekzosi ataichomelea mwenyewe. "Kilima cha Singino utakipanda huku unapiga soga," akasema. "Watakuuliza umenunua nini."

Ningependa kuandika kwamba mimi, mwalimu, mtu mzima, nilimcheka. Sikucheka. Nilikuwa nimechoka kupitwa. Pale Singino nilishapitwa na bodaboda aliyepakia abiria wawili na mbuzi, na yule mbuzi aligeuza shingo akaniangalia kwa huruma mpaka wakapotea. Nilisimama pale penye gofu nikajiona napanda kilima, nimenyooka, mtandio unapepea, na mbuzi wote wa wilaya wamebaki nyuma. Tukapatana Jumamosi.

Usiku huo kwenye chakula nikamwambia baba. Alitafuna samaki wake, akatoa mwiba, akauweka pembeni mwa sahani.

"Amekwambia inavujia wapi?"

"Amesema injini imechoka."

"Nimekuuliza inavujia wapi."

Sikujua. Baba akaniangalia vile alivyokuwa akiniangalia nilipokuwa darasa la nne. "Injini haifunguliwi mpaka ijulikane inavujia wapi," akasema. "Ioshe mpaka iwe safi. Ianikwe ikauke. Halafu inyunyizie unga, kote, nyembamba. Uende nayo, urudi. Unga utakuonyesha. Pale palipolowa ndipo penye ugonjwa."

Nikaona aibu. Miaka yote nafundisha watoto kuchunguza kabla ya kuamua, halafu mtu amefumba macho kwenye ndoo nikamwamini.

Kesho yake, Ijumaa, shule ilitoka mapema, nikaiosha injini kwa dizeli na sabuni ya unga mpaka nikagundua ina rangi. Ilipokauka nikachukua chekecheke na unga wa muhogo, nikachuchumaa barazani nikaanza kunyunyiza taratibu, nikizunguka, ili nisiache mahali. Sikuona lolote la ajabu katika hilo. Nilipoinua macho nilimwona jirani yangu amesimama uani kwake na beseni mkononi, amepauka.

"Mwalimu," akasema polepole, "na wewe?"

Huku kwetu mtu akizunguka kitu akikinyunyizia unga hatafuti uvujaji. Anatambika. Anaongea na wazee waliotangulia, awaombe walegeze. Na mimi ndiye niliyewahi kumsuta jirani huyohuyo kwa mambo ya mizimu, nikamwelezea kwa kirefu habari za sayansi. Sasa nimechuchumaa mbele ya skuta na chekecheke.

"Natafuta inakovuja," nikasema.

"Haya," akasema. "Wakupe jibu." Akaingia ndani haraka, na nina hakika hakwenda kulala.

Baba alikuwa kitini pake, ameona yote. "Wa muhogo haufai kutambikia," akasema bila kucheka. "Kwa wazee huwa ni wa mtama."

Nikapanda Singino na kurudi, nikiacha moshi mweupe nyuma yangu, na waliokuwa njiani wakanipungia. Nilipofika, nusu ya unga ilikuwa imepeperuka, lakini uliobaki ulitosha. Sili zilikuwa nyeupe. Gasketi nyeupe. Chini ya silinda, mahali ambapo mabingwa wote wa mji waliapa ndipo penyewe, pakavu kabisa. Palipolowa palikuwa mahali pamoja tu: mrija mwembamba ambao injini hupumulia. Pale unga ulikuwa umegeuka ugali mweusi.

Injini haitapiki oili kwa kuchoka. Inatapika ikishiba kupita kiasi. Nikachomoa kijiti cha kupimia. Kina alama mbili, ya chini na ya juu, na oili inatakiwa isimame katikati. Yangu ilikuwa imepita alama ya juu, imepanda kijiti chote mpaka karibu na kifuniko. Nilimpigia fundi kumuuliza kama aliongeza oili. Akaapa kwa jina la Mungu kwamba yeye hakuigusa, na kwa hilo, kwa mara ya kwanza, nilikuwa shahidi wake.

Jumamosi niliamka kabla ya baba kurudi msikitini, nikasimama nyuma ya pazia.

Alikuja na kitambaa chake. Akapangusa taa, akapangusa kiti, akapiga tairi. Kisha akatoa dumu la oili chini ya kiti chake cha barazani, na kikombe. Kikombe kimoja cha kahawa, kile chenye ufa ambacho nilikuwa nimekitafuta wiki nzima. Akakijaza kwa uangalifu, akamimina kwenye injini bila kumwaga hata tone. Akafunga. Nikakumbuka: lile lori la ushirika lilikuwa linakula oili, na alikuwa akilimiminia kikombe kimoja kila asubuhi kabla ya safari. Nikatabasamu pale nyuma ya pazia. Mazoea tu, nikasema. Mzee na mazoea yake.

Akaenda kunawa mikono. Akarudi na kitambaa. Akapangusa taa, akapangusa kiti, akapiga tairi, akatoa dumu, akajaza kikombe, akamimina.

Kisha akageuka upande ambako hakukuwa na mtu, akauliza, "Turubai umelifunga? Njinjo kuna mvua." Akasubiri ajibiwe. Utingo wake alikufa mimi nikiwa sekondari. Sijui alimjibu nini, lakini baba aliitikia kwa kichwa, akaridhika, akaja dirishani.

"Gari liko tayari," akasema.

"Ahsante, baba," nikasema. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Kaka amekuwa akiniuliza kwenye simu, kila Jumapili, kama mzee yuko sawa kichwani, na mimi nimekuwa nikimjibu kwa dharau kwamba mzee anaijua injini kuliko wewe unavyojua kazi yako. Na ni kweli. Ndiye aliyenifundisha njia ya kumkamata.

Nikaenda kwa fundi kumwambia hatufungui. Alikuwa ameshaitoa ile kabureta, ameing'arisha, ameiweka juu ya gazeti. Akauliza tatizo lilikuwa nini.

"Sili," nikasema.

"Nilijua," akasema fundi.

Kaka naye nikamwambia sili. Muuza mihogo akajisifu mwezi mzima.

Dumu sikulificha. Ningelificha angelitafuta, na akilikosa angejua, na mimi sikutaka ajue. Nilinunua bomba kubwa la sindano na mpira mwembamba. Kila jioni nikifika, baba akienda kuswali magharibi, nilifungua kifuniko cha oili nikavuta kilichozidi, nikakichuja kwa kitambaa, nikakirudisha kwenye dumu lake. Asubuhi anaweka yeye, jioni natoa mimi. Oili ileile. Nikajua hali yake kwa bomba lile kuliko daktari yeyote: siku ya kikombe kimoja alikuwa mzima, ananisimulia njia za Kikole na madaraja yaliyobebwa na maji, siku ya vikombe vitatu aliniita kwa jina la mama. Doa barazani likakauka. Baba akaniambia, kwa majivuno, "Unaona? Gari halitaki fundi. Linataka uangalizi." Nikasema ndiyo, baba. Jirani yangu naye huwa anaipita ile skuta kwa adabu. Anaamini wazee walijibu.

Tulikwenda hivyo msimu mzima wa korosho.

Jioni moja nikachomoa kijiti, na oili ilikuwa katikati ya alama mbili, mahali pake hasa, kama kwenye kitabu. Hakukuwa na cha kuvuta. Nilifurahi, mjinga mimi. Nikasema amepona. Kesho yake ilikuwa hivyohivyo, na keshokutwa, na kiti cha skuta kilikuwa na vumbi, wala hakuna aliyekuja dirishani.

Asubuhi ya nne nikatoa dumu na kikombe chenye ufa, nikaviweka miguuni pake.

"Baba, gari liko tayari?"

Aliliangalia dumu, akaniangalia mimi, kwa upole mkubwa, kama mtu aliyeulizwa njia katika mji asioujua. "Gari gani, mama?" akasema.

Jumapili kaka alipopiga, nilimwambia skuta imepona kabisa, haivuji hata tone. Halafu nikamwomba aje.