Kuku wa Madamu Lusi

Mkinikuta leo nalicheka jambo hili msidhani limenitoka, maana mpaka sasa nikipita Shangani uso unaniwaka, nami huvuka upande wa pili wa njia kama mtu aliyeiba.

Ilikuwa miaka ile ya hamsini, nasoma darasa la biashara mjini kwa Mwalimu Haidari, vijana sita, na mwalimu wetu alikuwa na fikra yake kwamba mfanyabiashara wa Unguja akijua Kiingereza peke yake atabaki kuuziana na Waingereza tu. Basi akatutengenezea safari fupi ya Bukini, yaani Madagaska, tukaone Wafaransa wanavyofanya biashara, wanavyokula na wanavyoamkiana. Huko tungefikia kwa dada wa Madamu Lusi; Madamu mwenyewe ni mjane wa Kifaransa aliyehamia mjini kwetu karibuni kutoka Pemba, ambako marehemu mumewe alikuwa akinunua karafuu. Tungelala kwa huyo dada, tungekula naye, na mumewe angetutia dukani kwake tujifunze. Lakini kwanza Madamu Lusi akatualika chakula cha mchana Jumapili, tuizoee meza ya Kifaransa kabla hatujapanda meli.

Sasa mie nilikuwa na kitabu cha Kifaransa. Nikikisoma peke yangu nyumbani Kidichi, wala sijapata kumsikia Mfaransa akisema (kila neno nikilitamka kama lilivyoandikwa, na Kifaransa hakitaki hivyo kabisa), lakini kwa wenzangu mie ndiye mkalimani. Kwa hiyo tulipofika nyumbani kwake Shangani, badala ya kukaa mwisho wa meza kama kijana mwenye adabu zake, nikaenda kukaa ubavuni mwa mwenye nyumba. Hapo ndipo nilipolikoroga.

Madamu alisema Kifaransa kitupu, nami nikawa nawafasiria wenzangu, nusu nakisia nusu natunga, huku mwalimu akinitazama tu. Akaletwa kuku wa mchuzi mzito, harufu yake mpaka leo naijua. Rafiki yangu Makame, mtu wa Tumbatu, keshamaliza sahani ya kwanza na ameongezewa. Madamu akaanza kutueleza alivyompika huyo kuku, anaonyesha na kwa mikono, amefurahi, na katikati ya maneno yale nikasikia "vin". Kitabuni mwangu "vin" ni mvinyo, na asubuhi ile ile mama kaniusia mlangoni niangalie ninachokitia mdomoni kwa watu.

Ningeweza kumnong'oneza mwalimu. Sikumnong'oneza. Nikaweka uma, nikasema kwa sauti, kwa Kiswahili, nikijua mwenyeji hatonielewa, "Jamani, msile. Huyu bibi katutilia mvinyo, na kuku mwenyewe nani anajua kachinjwaje."

Wote wakaacha kula. Mmoja akatema ndani ya kile kitambaa cheupe cha kufutia mdomo. Makame akatoka mbio mpaka ngazini, tukawa tunamsikia anavyojitapisha, na alikuwa na mengi ya kutapika.

Madamu Lusi akanigeukia. Akaniambia taratibu, kwa Kiswahili kilichonyooka kama cha bibi yangu:

"Mwanangu, ile ni siki. Kwetu chakula hiki hupikwa kwa mvinyo, nikauacha kwa ajili yenu. Na kuku kachinjwa na jirani yangu hapo chini, mwalimu wa chuo cha Kurani. Nilimngoja mpaka akatoka kusali."

Kumbe siki kwa Kifaransa jina lake linaanza na hiyo hiyo "vin", na kumbe Mwalimu Haidari ndiye aliyemwomba bibi wa watu asitie neno la Kiswahili siku ile, ili masikio yetu yazoee. (Mtu kaishi Pemba miaka na miaka, mie sikujiuliza alikuwa akisema lugha gani na wachumaji karafuu.) Nikataka kumwomba radhi, na kwa kuhaha nikaropoka "mersi", ambayo ni asante. Akainuka, akazikusanya sahani mwenyewe, moja moja, na kuku ndani yake.

Kesho yake akaleta habari kwamba dada yake hatoweza kutupokea. Bukini tulikwenda, lakini tulifikia nyumba ya wageni karibu na bandari, ya Mngazija mmoja, tukala wali na samaki kama tunavyokula kwetu, na Wafaransa tukawaona kutoka ng'ambo ya barabara wanakunywa kahawa. Hakuna nyumba hata moja tuliyoingia. Wenzangu hawakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Makame peke yake ndiye aliyeligusa, tuko melini tunarudi, akasema yule kuku alikuwa mtamu sana.

Tuliporudi nikenda kwa Madamu Lusi peke yangu, nikapiga hodi, nikamwambia shikamoo, akaitikia marahaba, akanikaribisha kitini. Nikamwomba radhi, safari hii kwa Kiswahili. Akasema yamekwisha. Akanimiminia kahawa, akaisogeza mbele yangu, na kabla sijaigusa akaniambia, "Ni kahawa, maji na sukari. Hamna kingine."

Wala hakunikejeli. Alisema kwa upole, kama mtu anayemtoa mgeni wasiwasi, na mie nilitamani ardhi inimeze. Tangu siku hiyo nikialikwa kwa watu, nisilolijua namwuliza aliyepika, tena pembeni na mapema, na Kifaransa changu nakiacha nyumbani. Lakini siku ile sikuwa na la kuuliza. Nikaibugia kahawa yote ikali moto, ulimi ukaungua, nami nikamwambia ni nzuri.