Mama Vitalu na Somo la Udongo

Jua linachungulia juu ya ukuta wa shule. Kati ya matuta ishirini na mawili, mama mmoja amepiga magoti, ametia kidole udongoni hadi pingili ya pili. Anakitoa, anakitazama.

"Hili halitaki maji leo," anasema, anasogea kwenye tuta jingine.

Siku nyingine saa hizi huwa anaimba. Leo anapima udongo tu. Wakaguzi wa wizara ya elimu wanakuja saa nne.

Hii ni shule ya kimataifa. Watoto wanatoka mataifa kumi na tisa, wanasoma mtaala wa ng'ambo, na mitihani yao inasahihishwa huko huko. Lakini serikali ina sharti: wafikie pia malengo ya elimu ya nchi wanayoishi, yaani lugha ya taifa, historia yake na stadi za kazi. Ndipo shule ikaanzisha somo la bustani kwa Kiswahili, kwa majaribio. Wakaguzi wakiridhika, litadumu. Wasiporidhika litafutwa, na mama huyu, anayelifundisha, atarudi kumwagilia maua.

Watoto wanamwita Mama Vitalu, kwa sababu ya vitalu vyake vya miche. Ana miaka arobaini na sita. Shule aliiacha darasa la tano, baba yake alipofariki, akaingia kwenye vibarua vya kulima. Hapa ametunza bustani miaka tisa.

"Nilikuwa nikimwona mwalimu anakuja, nazunguka nyuma ya jengo," anasema, mkono mdomoni kuficha kicheko. "Akinisemesha nitamjibu nini?"

Kilichomtoa mafichoni ni kosa. Somo lilipangwa na mwalimu wa sayansi, mgeni, mtu makini kupindukia. Aliandika kwamba kila mbegu ifukiwe sentimita tano. Watoto wakaja na rula. Mahindi, maboga, karoti, mchicha, vyote sentimita tano, mistari imenyooka kama uzi.

Mahindi yaliota. Maboga yakaota. Kwingine, udongo mtupu.

Mama Vitalu alijua tangu siku ile ya rula, akanyamaza. Wiki ya tatu alimkuta msichana wa darasa la nne analia kando ya tuta lake la mchicha. Akachuchumaa, akamtilia mbegu mbili kiganjani, ya boga na ya mchicha.

"Kati ya hawa, nani ataweza kuinua blanketi zito?"

"Huyu mkubwa."

"Basi huyu mdogo mfunike shuka tu."

Mwalimu wa sayansi alikuwa amesimama nyuma yao. "Nina shahada mbili," anasema, "na sijawahi kufundisha kitu kikaeleweka upesi namna ile." Jumatatu iliyofuata alimwomba asimame mbele ya darasa.

"Nikamwambia, mwalimu, miguu inanitetemeka," Mama Vitalu anakumbuka. "Akasema, hata yangu ilitetemeka. Wewe simama tu, itachoka yenyewe."

Saa nne kamili wakaguzi wawili wanaingia bustanini. Mkaguzi mkuu, mama mwenye miwani na faili nene, hamuulizi mwalimu kitu. Anawageukia watoto walio kazini matutani.

"Mbona tuta hili limefunikwa majani?"

"Tumelivalisha kofia, mama," anajibu mvulana aliyefika nchini mwaka jana bila neno hata moja la Kiswahili. "Jua linaiba maji."

"Yanaitwa matandazo," mwenzake anamsahihisha. "Kofia ni ya kichwa."

Wanabishana, mikono na magoti vimejaa tope, kwa lugha ambayo wengi wao hawaisikii nyumbani. Mkaguzi ameacha kuandika.

"Miaka kumi na minane nayakagua malengo haya kwenye makaratasi," anasema taratibu. "Leo nimeyakuta yana tope magotini."

Kisha anamgeukia Mama Vitalu. "Cheti chako cha ualimu, mama?"

"Sina, mama. Hata cha msingi sina."

Wakaguzi wanasogea pembeni, wananong'ona kwa dakika kadhaa. Wakirudi, uamuzi ni huu: somo linabaki. Mwalimu mwenye cheti awepo kila kipindi, na Mama Vitalu apewe miaka miwili amalize elimu ya msingi, ndipo aandikwe mwalimu msaidizi. Akishindwa, nafasi itapewa mtu mwingine.

Siku chache baadaye, Mama Vitalu ameshajiandikisha elimu ya watu wazima. Bintiye wa mwisho, aliye sekondari, hamwachi apumue. "Ukifeli hesabu usinifiche ripoti," anamwambia. "Na kikao cha wazazi nitakwenda mimi."

Hesabu anaiogopa kweli, hafichi. Lakini lipo jambo analolingojea. Hapa shuleni daftari la mahudhurio hushikwa na mwalimu aliyeandikwa tu.

"Nataka siku nitakayoandikwa nilishike mimi," anasema. "Niwaite watoto wote themanini na wanne, mmoja mmoja, hata wale ambao majina yao yananivunja ulimi. Nimeshaanza kuyafanyia mazoezi nikipalilia."